Kosa au Hiti

Nemesio Arzuaga alikuwa na namna yake ya kukaa kwenye benchi. Hushika kwanza egemeo, huguna, kisha huteremka taratibu kama mtu anayeingia maji ya baridi, na akishakaa hushusha pumzi kana kwamba kazi ya siku imekwisha. Asubuhi ile ilikuwa ndiyo kwanza saa nne. Tangu alfajiri alikuwa kwenye foleni ya mkate, kijitabu cha mgao mkononi, na mkate wenyewe alipoupata ulikuwa umenywea tena, unaenea kiganjani. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Magoti yalimuuma yote mawili, na alikuwa na miaka sabini na saba.

Pembe ile ya Plaza de Marte, mjini Santiago, wenyewe wanaiita Kona ya Moto, ingawa moto uliobaki ni wa midomo tu. Wastaafu hukutana pale kubishana besiboli. Hawabishani ya leo. Timu ya mkoa ya siku hizi wameshaisusa kama chakula kilicholala. Wanabishana enzi za fimbo za alumini, miaka ile mpira ulipopigwa ulilia kama sufuria iliyoanguka jikoni, na swali ni moja: nani alikuwa mpigaji bora kuliko wote? Wamekufa watu wa kutosha kuunda timu nzima na wa akiba juu, na swali halijajibiwa.

"Remigio Tamayo," alisema Arístides Rizo, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye hata jina la mtu alilitamka kana kwamba linatoka ubaoni. "Misimu mitatu mfululizo, wastani juu ya mia tatu themanini. Namba hazina shangazi wala mjomba."

"Tamayo?" Eleuterio Cobas alicheka kwa dharau. Cobas alikuwa kinyozi miaka arobaini, na ubishi wake aliufanyia mazoezi juu ya vichwa vya watu wasioweza kuondoka kitini. "Kompai, swahiba wangu, Tamayo alikuwa akishuka kwenye basi hapa kwetu anaanza kutafuta choo. Ukitaka kusema mpigaji, sema Fermín Duvergel, halafu kaa kimya, heshimu wakubwa."

"Duvergel hakufika mia nne."

"Alifika. Alinyimwa."

Hapo wote waligeuka kumtazama Nemesio, kama walivyogeuka kila siku ya Mungu kwa miaka thelathini na sita. Kwa kuwa Nemesio ndiye aliyekuwa mwandishi rasmi wa michezo uwanjani, mtu anayekaa kibandani na penseli na kuamua: mpigaji akifika kituo, je, amefika kwa nguvu zake, iandikwe hiti, au mdakaji kaboronga, liandikwe kosa? Kosa halimhesabii mpigaji hiti, ila ile mara aliyopiga inahesabiwa, na wastani wake unashuka. Siku ya mwisho ya msimu ule, Duvergel aliingia uwanjani na wastani wa 401, yaani hiti 401 kwa kila mara elfu za kupiga. Kocha alimwambia akae, alinde namba yake. Akakataa, akaenda kupiga. Mpira ukaenda kwa mdakaji wa kati, ukaanguka, Duvergel akafika kituo cha kwanza. Nemesio akaandika kosa. Wastani ukashuka hadi 399, na hapo ukakaa milele.

"Nemesio," alisema Cobas kwa sauti ya padri anayeanza ibada, "kosa au hiti?"

"Kosa," alisema Nemesio.

"Mnamsikia? Mtu huyu hata mkewe angejifungua angeandika kosa la mkunga." Watu walicheka. "Mimi nilikuwepo, kompai. Nimekaa nyuma ya kituo cha kwanza, karibu hivi. Hiti ile ilikuwa halali, ya kubatizwa."

Kila mtu alikuwepo. Uwanja ule wakibanana sana waliingia watu elfu kumi na tano, lakini ukiwahesabu wanaoapa kuwa waliuona mpira ule kwa macho yao utapata mji mzima pamoja na walio makaburini. Nemesio hakuwahi kubishana nao. Alisema neno lake moja, wakamtukana kwa mapenzi, na ubishi ukakoma, kwa sababu neno la mwandishi likishatoka halina rufaa. Heshima yake yote mjini ilikuwa imesimama juu ya neno hilo. Hakuwa na nyingine. Kazini kwenyewe, ofisi ya reli, alikuwa mpiga taipu tu.

Siku ile, hata hivyo, Arístides hakuacha mambo yaishie kwenye kicheko. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya goti.

"Wanapaka rangi ukuta wa uwanja," alisema. "Wataandika majina ya wapigaji wa enzi ya alumini waliovuka mia nne. Wale tu. Nimeuliza kamati ya mkoa. Wanasema mwandishi rasmi akiandika kwamba ameufikiria upya mchezo ule, kwamba ulikuwa hiti, watarekebisha. Mdakaji mwenyewe hatumpati, alishavuka bahari. Umebaki wewe."

"Wewe si mtu wa Tamayo?" aliuliza Nemesio.

"Mimi ni mtu wa Tamayo. Lakini Duvergel kukosa ukutani ni aibu ya mji." Alimpa karatasi ile, barua iliyokwisha kuandikwa. "Hatukuharakishi. Nenda nayo, Jumamosi utuletee na saini."

Cobas safari hii hakutania. "Tia tu saini, kompai," alisema. "Umechoka, na sisi tumechoka kukuuliza. Mwache mtu apate ukuta wake kabla hajafa."

Nemesio alipanda mtaa kurudi nyumbani, barua kifuani, akisimama kila baada ya milango mitatu. Santiago ni mji wa watu wenye mapafu. Ukizeeka kila kilima kinakudai pumzi. Nyumbani alimkuta dada yake Zenaida akipepea jiko la mkaa. Ndugu hao wawili waliishi pamoja tangu kila mmoja alipofiwa. Zenaida aliisoma barua akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hii huwezi kuitia saini," alisema.

"Kwa nini nisiweze? Ni jina langu."

"Inasema, 'baada ya kuukumbuka vizuri mchezo huo.' Utaukumbuka kwa kichwa gani, kaka?"

Nemesio alivuta kiti, akaketi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya siri hii ilikuwa Zenaida peke yake. Wiki ile ya mwisho wa msimu Amparo, mke wa Nemesio, alikuwa hospitalini na tumbo lililokuwa likimla kutoka ndani. Nemesio alilala kwenye kiti kando ya kitanda siku tano mfululizo, kama kule ni kulala. Jumapili Amparo mwenyewe ndiye aliyemfukuza: nenda kaandike mchezo wako, unaniziba hewa. Akaenda. Hadi zamu ya saba kati ya tisa aliandika vizuri. Zamu ya nane jua lilipenya kibandani, likamkaa shingoni, na msaidizi wake alikuwa amekwenda kutafuta maji. Nemesio alifumba macho. Hakukusudia kulala, alitaka tu kuyapumzisha, kwa muda wa pumzi moja.

Alizinduliwa na kelele. Mpira ulikuwa chini, karibu na miguu ya mdakaji, na mdakaji ameshika kichwa kwa mikono miwili. Duvergel amesimama kwenye kituo cha kwanza. Uwanja mzima ulikuwa umesimama, unapiga kelele hiti, hiti, hiti. Nemesio aliwaza haraka kama mwizi: mtu hashiki kichwa kama hajakosea. Akaandika kosa. Msaidizi aliporudi na maji alikuta limeshaandikwa, na lililoandikwa halifutwi. Siku nne baadaye Amparo akafariki, na Nemesio hakuwa na nafasi moyoni ya kufikiria mpira. Alipokuja kupata nafasi, miezi ilikuwa imepita na watu walikuwa wakimpa heshima mitaani: ndiye mtu aliyekataa kupindishwa na uwanja mzima.

"Nitatia saini," alisema sasa. "Nimechoka, Zenaida. Atapata ukuta wake, wao watapata kitu kingine cha kuniuliza, na mimi nitakaa kwenye benchi kama watu wengine."

"Mara ya kwanza uliapa juu ya kitu usichokiona ukaandika kosa. Sasa utaapa juu ya kitu kile kile usichokiona uandike hiti. Huko ndiko kupumzika?" Alimwekea kikombe cha kahawa, ile ya mgao iliyochanganywa na njegere. "Sema tu kwamba hukuona. Uwaambie, uone kama jua halitachomoza."

"Watanicheka."

"Kwani sasa wanafanya nini?"

Jumamosi alikwenda na barua kifuani na kalamu mfukoni. Alikuwa ameamua usiku, akabadili mawazo alfajiri, akaamua tena kwenye foleni: atatia saini. Alishaona kwamba ukweli ni kazi ngumu inayotaka mtu mwenye magoti mazima. Saini ni mstari mmoja.

Kona ya Moto ilikuwa imejaa kuliko kawaida. Cobas alikuwa ameanza, amemshika Arístides pabaya.

"Na ule mpira uliompiga Duvergel sikioni? Tamayo aliwahi kupigwa sikioni? Mtu kapigwa asubuhi, sikio la kushoto likafa pale pale, jioni karudi akapiga hiti mbili. Wewe, mwalimu, ukipigwa na chaki tu unaomba likizo."

"Sikio si takwimu," alisema Arístides.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zako nimezikata mwenyewe, hazikuwa nyingi."

Kicheko kilikatika katikati. Mtu mmoja mrefu, mweusi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono, alikuwa akivuka barabara polepole kuja upande wao, kofia ya majani mkononi. Hakuna aliyemwona mjini kwa miaka mingi. Aliishi Songo, nje ya mji, anafuga nguruwe, na ilisemekana hapendi kuulizwa mambo ya uwanjani.

"Mama yangu," alisema Cobas kwa sauti ndogo. "Duvergel."

Wazee walisimama, hata wale ambao kusimama kwao kunahitaji mipango. Fermín Duvergel aliwasalimu mmoja mmoja, akigeuza kichwa kila aliposemeshwa ili kutega sikio la kulia, ambalo nalo, ilionekana, halikuwa zima sana. Aliketi. Alisema alikuja na lori la mizigo, kwamba njiani lori liliharibika mara mbili, kwamba atarudi kwa miguu ikibidi.

"Nimeambiwa kuna barua," alisema. Alizungumza kwa sauti kubwa kidogo, kama watu wasiosikia vizuri.

Uso wa Arístides uling'aa. "Ipo, maestro. Ni zawadi yetu kwako. Bado saini tu."

"Nani kawatuma?"

Arístides alimtazama Cobas amsaidie.

"Nauliza kwa heshima. Nani kawatuma?" Duvergel aliweka kofia gotini. "Mpira ule niliupiga vibaya. Nilikuwa nautaka nje, mrushaji akaniletea ndani, nikaugusa na shina la fimbo. Ulikwenda kwa yule kijana unadunda kama mbuzi anayerudi zizini. Ukaingia kwenye glavu. Nimeuona ukiingia. Nilikuwa nimeshaanza kupunguza mbio. Halafu ukamtoka. Hilo ni kosa, mabwana. Hata mama yangu, ambaye alidhani tunacheza ili tuchafue nguo, angesema ni kosa."

"Lakini uwanja mzima..." alianza Cobas.

"Uwanja mzima ulinipenda. Ningepiga chafya wangesema hiti." Alicheka kidogo, akaacha. "Mnajua nini kilichonipata baada ya pale? Kila mtu ameniambia uongo. Waliniambia nitakuwa kocha, sikuwa. Waliniambia goti litapona. Mke wangu aliniambia anakwenda kumsalimia dada yake. Na kila nilipoona dunia haina mtu wa kweli, nilijiambia: Fermín, yuko mmoja. Watu elfu kumi na tano wanapiga kelele, wanataka akupe kitu kisicho chako, na yeye anatazama, anaona alichokiona, anaandika. Mimi sina mia nne. Nina mia tatu tisini na tisa, lakini ile ni yangu yote, hakuna aliyenipa hata chembe. Nimekuja kumpa mkono mtu huyo. Yuko wapi?"

Wakamwonyesha.

Nemesio hakusimama. Duvergel alimwendea, akainama, akauchukua mkono wake kwa mikono yake miwili. Ilikuwa mikono mikubwa yenye ngozi ngumu. Nemesio alimtazama usoni. Alikuwa ametia kalamu mfukoni ili aape uongo wa pili, na mtu huyu amepanda lori lililoharibika mara mbili ili amshukuru kwa ule wa kwanza. Aliona aibu hata masikio yakamwaka. Miaka thelathini na sita alidhani amemdhulumu mtu huyu hiti. Hakujua kwamba alimpa kitu, imani kwamba yuko mtu mmoja mkweli, na kwamba kitu chenyewe hakikuwa mali yake kukitoa.

Angeweza kunyamaza. Kupokea mkono si dhambi. Lakini kuna uchovu unaozidi hata hofu, na Nemesio alikuwa amefika hapo.

"Sikuona," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Duvergel alisogeza sikio la kulia.

"Eeh?"

"Nilikuwa nimelala, maestro. Sikuona."

Duvergel alikunja uso, akatikisa kichwa kama mtu anayeomba radhi kwa masikio yake, akageuka kwa aliyekuwa karibu zaidi. "Anasemaje?"

Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Cobas. Wengine walikuwa nyuma, wanavutana nani akae wapi, hawakusikia kitu. Cobas alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama Nemesio, mdomo wazi, na Nemesio akamtazama yeye. Alijua kinachokuja. Kinyozi yule alikuwa amesubiri maisha yake yote apewe neno kama hilo. Angelitangaza mpaka Guantánamo kabla ya chakula cha mchana.

Cobas alimwinamia Duvergel sikioni, akapaaza sauti mpaka njiwa wa plaza wakaruka.

"Anasema aliona! Aliona vizuri!"

Uso wa Duvergel ukafunguka. Aliuminya mkono wa Nemesio mara moja tena, akauachia, akavaa kofia. Hakukaa hata robo saa. Walimpa kahawa, akainywa amesimama. Wakamuuliza juu ya Tamayo, akasema Tamayo alikuwa mpigaji hasa, na Arístides akafurahi kama mtoto. Kisha akaenda kutafuta lori lake. Walimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye mteremko. Arístides aliichukua barua kwa Nemesio, akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni mwake. Mmoja mmoja wakaondoka kwenda kula, ikiwa kuna cha kula.

Walibaki wawili kwenye benchi. Cobas alisubiri mpaka wa mwisho alipopinda kona.

"Ni Amparo?" aliuliza mwishowe. "Ile wiki aliyokuwa hospitali?"

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekunyoa kwa ajili ya mazishi. Nakumbuka ulilala kitini, nikawa nakunyoa huku nimekushika kichwa." Alijikuna kidevu. "Kompai, na mimi nikwambie, maana imeshakuwa siku ya vioja. Sikuwepo uwanjani. Nilikuwa Holguín, binamu yangu anaoa. Tuliisikia redioni, na redio yenyewe ilikuwa inakwaruza."

"Nyuma ya kituo cha kwanza," alisema Nemesio.

"Karibu hivi," alisema Cobas.

Hawakucheka, ingawa palikuwa na nafasi ya kucheka. Jua lilikuwa limefika utosini. Mzee mmoja wa mtaa wa jirani, aliyechelewa kama kawaida yake na hajui lolote lililopita, alipita mbele yao na mfuko wake mtupu na kurusha salamu iliyozoeleka: "Nemesio! Kosa au hiti?"

Nemesio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza neno halikuja. Cobas akamjibia.

"Kosa," alisema kwa ukali. "Na usimuulize tena, mtu amechoka."

Nyumbani Zenaida alikuwa bado anapepea mkaa ule ule, au mwingine unaofanana nao. Umeme ulikuwa haujarudi. Nemesio aliitoa kalamu mfukoni, akaiweka mezani, akashika egemeo la kiti, akaguna, akateremka.

"Umesema?" aliuliza Zenaida bila kugeuka.

"Nimesema."

"Na yeye akasemaje?"

Nemesio alitazama mikono yake, ule uliokuwa umeshikwa na ule usioshikwa.

"Hakusikia," alisema.